Hekima ya Watu wa Tanuri

Katika kitabu cha Yoshua bin Sira, ambacho Wakatoliki hukihesabu miongoni mwa vitabu vya Biblia na Waprotestanti wengi hukiweka kando, sura ya 38 inazigawa kazi za wanadamu mafungu mawili. Fungu la kwanza ni la mwandishi, yaani mtu wa elimu na sheria, ambaye hekima yake hutokana na nafasi aliyo nayo ya kukaa na kufikiri. Fungu la pili ni la mkulima, mchonga mihuri, mhunzi na mfinyanzi, watu ambao akili zao zimefungwa na ng'ombe, patasi, nyundo na gurudumu, na kati yao mhunzi ndiye anayeelezwa kwa ukali zaidi, kwa kuwa moto humkausha mwili na kelele ya fuawe humziba masikio. Bin Sira hawadharau watu hao, maana anakiri kwamba bila wao hakuna mji unaoweza kukaliwa, na anamaliza kwa kusema kuwa sala yao imo ndani ya ufundi wao. Hata hivyo anawafungia mlango wa baraza: hawaombwi shauri, hawaketi penye kiti cha hakimu, na mithali za hekima hazitafutwi vinywani mwao. Wanasali kwa mikono, lakini kufikiri ni kazi ya wengine.

Ikiwa kuna mji wa Afrika ambao unaweza kuijibu sura hiyo, mji huo ni Lubumbashi, kwa sababu umezaliwa na tanuri. Ulianzishwa mwaka 1910 kwa jina la Élisabethville, reli iliyotoka kusini kupitia Rodesia ilifika mwaka huohuo, na mwaka 1911 kiwanda cha kuyeyushia madini cha Union Minière du Haut-Katanga, kampuni iliyoundwa Brussels mwaka 1906, kikatoa shaba yake ya kwanza kando ya mto Lubumbashi. Bomba refu la moshi na kilima cheusi cha mabaki ya madini yaliyoyeyushwa vimebaki kuwa alama za mji hadi leo. Wanaume waliopelekwa huko kutoka Kasai, kutoka bonde la Luapula, kutoka Rodesia ya Kaskazini na baadaye kutoka Rwanda na Burundi walikuwa watu wa fungu la pili kabisa, na wengi wao walibatizwa wakiwa humohumo kazini. Kwa hiyo swali la Bin Sira kwao halikuwa la kitabuni: je, mwanamume anayelitumikia tanuri mchana kutwa anaweza kuwa mwenye hekima, na imani yake inamsaidia au inamzuia?

Kabla ya kulijibu swali hilo inafaa kukumbuka kwamba Katanga haikufundishwa kuyeyusha shaba na kampuni. Kwa karne nyingi mafundi wa eneo hilo walitengeneza misalaba ya shaba yenye umbo la herufi X, ambayo haikuwa na uhusiano wowote na msalaba wa Kikristo. Ilitumika kama fedha na kama mahari, na mwaka 1960 Katanga iliyojitenga na Kongo iliweka mitatu kati yake katika bendera yake. Askofu Jean-Félix de Hemptinne, Mbenedikto aliyefika Katanga mwaka 1910, alichapisha mwaka 1926 maelezo juu ya mafundi hao aliowaita walaji wa shaba. Kazi yao ilikuwa na msimu wake, baada ya mavuno ya mtama, wakati wa kiangazi, ambapo kijiji kizima kilihamia mgodini. Wanaume walichimba, wanawake na watoto waliokota mawe ya kijani yenye shaba, na fundi mkuu wa tanuri alikuwa mtu mwenye siri, dawa na miiko, ambaye hakuweza kuwasha moto bila kuwakumbuka wazee waliotangulia. Katika mpangilio huo mgawanyo wa Bin Sira haukuwapo, kwa sababu fundi mkuu alikuwa mhunzi na mtu wa baraza kwa wakati mmoja. Tena shaba yake ilikuwa na mwisho unaojulikana: iligeuka mahari, mahari ikaleta ndoa, na ndoa ikaleta nyumba.

Kampuni iliuvunja mnyororo huo ikaufunga upya kwa namna yake. Katika miaka ya mwanzo wafanyakazi waliandikwa kwa mikataba mifupi, wakiwa wapweke, na vifo vilikuwa vingi. Lakini kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920 Union Minière ilibadili siasa yake, ikawapendelea wanaume wenye wake, ikawapa mikataba ya miaka mitatu, ikawajengea nyumba katika kambi, ikagawa posho, yaani chakula cha juma kilichopimwa kwa idadi ya watu wa nyumba, ikaweka hospitali za wazazi na ikawakabidhi wamisionari shule za watoto. Jambo hilo wanahistoria huliita kuimarisha nguvukazi, kwa maana ya kumfanya mfanyakazi asirudi kijijini. Mwanamume aliyeoa kwa ndoa iliyotambuliwa, aliyepeleka watoto shuleni na ambaye kapita, yaani msimamizi wa kikundi, hakumlalamikia, alihesabiwa kuwa mfanyakazi mwema na Mkristo mwema kwa pamoja, kiasi kwamba ilikuwa vigumu kuuona mpaka kati ya sifa hizo mbili. Watu wa kambi wakazoea kuiita kampuni baba na mama, na kwa kweli kampuni ilitenda kama baba: ililisha, ilitibu, ilisomesha, ilikagua usafi wa nyumba na ilijua nani amelala wapi.

Hapa ndipo jambo lenye uzito lilipotokea bila kutangazwa. Ikiwa kampuni ni baba, basi mwanamume aliyeajiriwa nayo ni nani nyumbani kwake? Posho iliyoliwa na mke na wanawe haikutoka shambani kwake bali katika ghala la kambi, na mamlaka yake juu ya watoto yalitegemea namba yake katika daftari la kampuni. Ubaba wake ulikuwa wa kuazima. Hilo halikuonekana kuwa tatizo wakati daftari lilipokuwa wazi, ila kila kitu cha kuazima kina mwenyewe, na mwenyewe anaweza kukidai siku yoyote.

Kanisa lilikuwa na maneno ambayo yangeweza kulitibu tatizo hilo, lakini mengi yaliwafikia wafanyakazi yakiwa yamepunguzwa. Wabenedikto walioisimamia Katanga hufuata kanuni ya Mtakatifu Benedikto ya karne ya 6, ambayo inaigawa siku ya mtawa kati ya sala, kazi ya mikono na usomaji wa polepole wa maandiko. Kwa hiyo mtawa ni mwandishi na mhunzi kwa zamu, na kanuni yenyewe inaupinga mgawanyo wa Bin Sira. Mfanyakazi wa kambi alifundishwa sala na kazi, ila ile sehemu ya tatu, nafasi ya kusoma na kutafakari, mara nyingi ilibaki kwa wachache waliopelekwa seminari au waliofanywa makarani. Vivyo hivyo kwa maneno ya Mtume Paulo kwa Wathesalonike kwamba asiyetaka kufanya kazi asipewe chakula, maneno ambayo yakisemwa na msimamizi yanakuwa fimbo. Husahaulika kuwa Paulo aliyaandika akiwa yeye mwenyewe mshona mahema anayejilisha kwa mikono yake ili asimlemee mtu, na kwamba alimlaumu asiyetaka kazi, si asiyeipata, wala hakusema kwamba mwenye kutaka kazi apokee ujira wowote atakaotupiwa.

Wanaume wa Élisabethville waliitambua tofauti hiyo mapema. Mnamo Desemba 1941, wakati Vita vya Pili vya Dunia vilipopandisha bei za vitu na kasi ya uzalishaji huku mishahara ikibaki nyuma, wafanyakazi wa Union Minière waligoma. Wale wa Élisabethville walikusanyika katika uwanja wa mpira, na tarehe 9 Desemba askari wakawafyatulia risasi. Léonard Mpoyi, karani msomi aliyezungumza kwa niaba yao, alikuwa miongoni mwa waliouawa pamoja na makumi ya wenzake. Mauti hayo hayawezi kuachwa nje ya tafakari yoyote juu ya imani na kazi mjini humo, kwa sababu yanaonyesha kikomo cha ubaba wa kampuni, na yanaonyesha pia kwamba watu wa tanuri walikuwa tayari na shauri la kutoa, ila baraza la kulisikiliza halikuwapo.

Jibu la pili lilikuja kwa njia tulivu zaidi, na lilianza na mtu aliyekuwa wa fungu la kwanza. Placide Tempels, Mfransisko Mbelgiji aliyezaliwa mwaka 1906 na kufika Kongo mwaka 1933, alifanya umisionari kati ya Waluba, na mwaka 1945 kitabu chake juu ya falsafa ya Kibantu kikachapishwa kwa Kifaransa hukohuko Élisabethville. Alidai humo kwamba Wabantu wana mfumo kamili wa fikra ambao kiini chake ni nguvu ya uhai. Kitabu hicho kimekosolewa sana, na kwa haki: Fabien Eboussi Boulaga wa Kamerun na Paulin Hountondji wa Benin walionyesha jinsi kilivyowasemea watu waliokuwa na uwezo wa kusema wenyewe, na jinsi kilivyokusudia kwanza kuwasaidia Wazungu kuwatawala na kuwageuza Waafrika. Askofu de Hemptinne naye hakukipenda, kwa sababu nyingine kabisa. Tempels alirudi Ubelgiji mwaka 1946, na aliporejea Katanga mwaka 1949 alipelekwa eneo la Kolwezi, magharibi ya Élisabethville, kati ya wafanyakazi wa migodi. Ni hapo, katika kambi ya Ruwe, ambapo kuanzia mwaka 1953 hivi ilizuka Jamaa.

Neno jamaa kwa Kiswahili cha kila siku ni ndugu, ukoo au watu wa kundi moja, na vuguvugu hilo lililichagua kwa maana hiyo ya kawaida, bila cheo wala jina la kigeni. Tempels mwenyewe aliamini kwamba safari hii hakuja kuwafundisha watu bali kukutana nao, na kwamba alipowauliza wafanyakazi na wake zao wanachokitaka zaidi ya vyote maishani, walimjibu kwa mambo matatu ambayo yakawa nguzo za mafundisho ya Jamaa. La kwanza ni uzima, yaani maisha yaliyo kamili na yenye nguvu, si uhai wa kupumua tu. La pili ni uzazi, yaani kuzaa na kuendelea kuzaa, mwilini na rohoni. La tatu ni mapendo, yaani umoja wa mioyo ambao bila huo uzima hukauka na uzazi huwa mzigo. Walioingia walikuwa hasa mume na mke pamoja, wakiongozwa hatua kwa hatua na mume na mke waliowatangulia, ambao wakawa wazazi wao wa kiroho. Kila mwanamume wa Jamaa aliitwa baba na kila mwanamke mama, na padri aliyejiunga naye aliitwa hivyohivyo, kwa kuwa alihesabiwa kuwa amezaliwa na watu hao kama vile yeye alivyowazaa.

Hapa ndipo ubaba wa kuazima ulipopatiwa dawa. Katika kambi neno baba lilikwisha kuchukuliwa na kampuni, na kanisani lilikwisha kuchukuliwa na padri. Jamaa ililirudisha kwa mfanyakazi wa kawaida, lakini haikumrudishia kama mamlaka ya kuamuru. Mwanamume hakuweza kuwa baba peke yake, kwa kuwa hatua zilipandwa na wawili, na asiyepatana na mke wake hakuwa na la kuwafundisha wengine. Wala hakuwa baba kwa sababu ya alichokileta mezani, bali kwa sababu ya watu aliowapokea na kuwalea katika fikra na mapendo. Mtu aliyeamriwa mchana kutwa na kapita angeweza kurudi kwake na kuamuru naye, kama wengi wanavyofanya kila mahali; Jamaa ilimtaka arudi ili azungumze. Kwa mwanamume wa tabaka lile badiliko hilo lilikuwa kubwa kuliko linavyoonekana, kwa sababu lilihamisha kipimo cha uanaume kutoka kwenye daftari la kampuni hadi kwenye mazungumzo ya wawili.

Maandiko yana mfano wa karibu sana na jambo hilo. Paulo alipofika Korintho alikaa kwa Akila na mkewe Prisila, kwa sababu walikuwa wa kazi moja, washona mahema; na baadaye huko Efeso, msomi mmoja wa Aleksandria aliyeitwa Apolo, mtu wa ufasaha na elimu ya maandiko, alipohubiri bila kuijua njia yote, ni mafundi hao wawili waliomchukua nyumbani na kumweleza kwa usahihi zaidi. Mwandishi, yule wa fungu la kwanza la Bin Sira, alikaa chini akafundishwa na watu wa fungu la pili, tena na mume na mke kwa pamoja. Ikiwa Tempels aliandika mwaka 1945 kama Apolo kabla ya kukutana na Akila na Prisila, basi Ruwe ndiyo iliyokuwa Efeso yake, na sehemu kubwa ya makosa ya kitabu chake ni makosa ya mtu ambaye bado hajakaa chini.

Chombo cha kazi hiyo kilikuwa Kiswahili, na hilo nalo lina historia yake. Kiswahili cha Katanga kilikua katika migodi na majumba ya mabwana kama lugha ya kazi, na vitabu vidogo vya msamiati walivyotungiwa Wazungu vilijaa amri: leta, beba, fanya haraka. Johannes Fabian, mwanaanthropolojia aliyefanya utafiti kati ya watu wa Jamaa katika miaka ya 1966 na 1967, akachapisha kitabu juu yao mwaka 1971 na mwaka 1986 kingine juu ya lugha hiyo na utawala wa kikoloni, ameonyesha jinsi lugha hiyohiyo ya amri ilivyogeuzwa kuwa lugha ya mafundisho marefu yenye mpangilio, yaliyotolewa kwa mdomo na kukumbukwa bila maandishi. Neno lililobeba uzito mkubwa humo ni wazo, na wingi wake mawazo, ambalo kwa watu wa Jamaa halikuwa fikra inayopita kichwani tu, bali kitu hai ambacho Mungu alikuwa nacho kabla ya kuumba na ambacho mtu hukipokea na kukipitisha kwa mwingine, hata kupitia ndoto. Mwaka 1973 Fabian aliandika makala nzima juu ya neno kazi lilivyoeleweka na wafanyakazi hao, na haishangazi kwamba lilistahili makala, kwa sababu kwao liliweza kuwa jina la zamu ya kampuni na vilevile la jukumu la kulea watu. Si Jamaa peke yake iliyoitumia lugha hiyo kufikiri. Mwaka 1965 André Yav aliandika kwa Kiswahili hichohicho historia ya mji wa Élisabethville kwa niaba ya watumishi wa zamani wa majumbani, watu ambao kazi yao ilikuwa kuitika.

Hivyo hoja ya Bin Sira ilijibiwa kwa vitendo. Alisema kwamba hekima yahitaji nafasi, na hakukosea. Alichokosea ni kudhani kwamba nafasi hupatikana kwa kutofanya kazi. Wafanyakazi wa zamu waliiba nafasi hiyo usiku, kati ya mlio wa king'ora cha jioni na kile cha alfajiri, wakaifanya nyumba ya kampuni kuwa baraza. Wala hawakufikiri licha ya tanuri, kana kwamba tanuri lilikuwa kizuizi tu, kwa sababu maswali yao yalitoka humohumo: mtu aliyehamishwa mbali na ukoo wake, akapewa namba, akalishwa kwa kipimo, ana sababu nzito kuliko mwandishi yeyote ya kuuliza uzima ni nini na ndugu ni nani.

Ingekuwa kosa, hata hivyo, kuisifu Jamaa bila kuipima. Kwa kuwa mafundisho yake yalitolewa kwa siri na kwa hatua, wasiokuwamo waliishuku, na baadhi ya waliokuwamo walijiona kuwa Wakristo wa daraja la juu. Kutoka ndani yake likazuka tawi lililoitwa Katete, ambalo mafundisho na mienendo yake viliwatia maaskofu hofu. Tempels aliondoka Kongo mwaka 1962 asirudi tena, akafa Ubelgiji mwaka 1977, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 maaskofu wa Katanga waliwabana watu wa Jamaa kiasi kwamba wengi walijikuta nje ya Kanisa walilolipenda. Kuna pia kasoro isiyozungumzwa sana: kwa kuweka mume na mke katikati, Jamaa haikuwa na kiti cha kutosha kwa mjane, mseja na aliyeachwa; na kwa kuhamishia ubaba moyoni, iliweza kumfanya mtu aridhike kuwa baba usiku huku mchana akiendelea kutendewa kama mtoto. Uwanja wa mpira wa 1941 ulidai haki bila kupata muda wa kujenga fikra. Chumba cha Ruwe kilijenga fikra bila kudai ujira. Hekima kamili ya mwanamume Mkristo wa Katanga ingehitaji vyote viwili, na historia haikuviweka mahali pamoja.

Aliyekaribia kuviunganisha ni mtu wa altare. Mwaka 1976, Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, ikiwa chini ya rais Mobutu na rushwa ikiwa imekwisha kuwa njia ya kawaida ya kuishi, Eugène Kabanga, askofu mkuu wa Lubumbashi tangu 1967, alitoa barua ya kichungaji ambayo kichwa chake kwa Kifaransa kina maana ya kusema kwamba mimi ni mtu. Barua hiyo iliukosoa ukatili na tamaa ya mali ambavyo vilikuwa vikiwatoa watu utu. Neno mtu, ambalo Jamaa ilikuwa imelitafakari kwa usemi wa umuntu katika vyumba vya kambi, lilisemwa safari hii hadharani, mbele ya dola.

Kipimo kigumu zaidi kilikuwa bado kuja. Union Minière ilitaifishwa tarehe 1 Januari 1967, na mrithi wake, Gécamines, aliendeleza desturi ya baba na mama: nyumba, unga, shule na hospitali. Katikati ya miaka ya 1980 kampuni hiyo ilitoa zaidi ya tani 450,000 za shaba kwa mwaka. Lakini baada ya miaka mingi ya kukamuliwa na serikali bila mitambo kufanyiwa matengenezo, mgodi wa Kamoto uliporomoka Septemba 1990, na katika miaka iliyofuata uzalishaji ukashuka chini ya tani 50,000. Miaka ya 1992 na 1993 familia nyingi zenye asili ya Kasai zilifukuzwa Katanga, zikilundikana kwenye vituo vya reli vya Likasi na Kolwezi, na waliozifukuza walikuwa mara nyingi watu waliokuwa wamekula nazo komunyo. Hakuna tafakari ya imani inayoweza kulipita jambo hilo haraka: udugu uliohubiriwa kwa miaka mingi haukutosha kumlinda jirani. Kisha mwaka 2003 zaidi ya wafanyakazi 10,000, waliokuwa wakidai mishahara ya miezi mingi, walilipwa kiasi fulani wakaondolewa kazini kwa mpango ulioitwa kuondoka kwa hiari. Donatien Dibwe dia Mwembu, mwanahistoria wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, alikuwa amekwisha kuandika mwaka 2001 kitabu juu ya wana wa shaba waliotelekezwa na baba yao, na jina la kitabu hicho linatosha kueleza msiba ulivyoonekana na waliopatwa nao.

Mwenyewe wa ubaba ule wa kuazima alikuwa amekuja kuchukua chake. Katika nyumba nyingi za zamani za kambi ni mwanamke aliyelisha familia, kwa kuuza unga, mkaa au samaki, huku mumewe akikaa nyumbani na karatasi zake za kazi. Mwanamume aliyejijua kuwa baba kwa posho tu alijikuta si kitu, na aibu hiyo iligeuka ulevi, ukali au ukimya. Lakini mwanamume aliyekuwa amefundishwa kwamba ubaba ni wa wawili, na kwamba hupimwa kwa watu waliopokewa na kulelewa, alikuwa na mahali pa kusimama. Kumpokelea mke wake kapu la sokoni hakukumpunguzia kitu, kwa sababu mapatano na mke ndiyo yaliyokuwa cheo chake tangu mwanzo. Hiyo haina maana kwamba watu wote wa Jamaa waliishi hivyo, wala kwamba wasiokuwa wa Jamaa hawakuweza. Ina maana kwamba fikra hiyo ilikuwapo mjini, imekwisha kutungwa na wafanyakazi wenyewe kabla ya siku ya kuhitajika.

Leo shaba na kobalti zimerudi, pamoja na makampuni mengine na mikataba mifupi ambayo mara nyingi hupitia kwa mawakala, huku maelfu ya vijana wakichimba kwa mikono yao bila mkataba wowote. Hakuna tena kampuni inayojiita baba. Makanisa ya uamsho, yaani yale ya sala za kelele, uponyaji na ahadi za baraka, yamejaza mitaa ya mji, na mengine yanamfundisha kijana kwamba ajira na mali ni ushahidi wa kibali cha Mungu. Mafundisho hayo yanamfariji anayepata. Anayekosa yanamrudisha palepale alipokuwa mtu wa kambi, kwa kuwa yanampa kipimo kilicho mikononi mwa mwingine, tofauti ikiwa tu kwamba daftari safari hii linadaiwa kuwa la mbinguni. Mwana wa seremala wa Nazareti, ambaye aliishi kazini miaka mingi zaidi kuliko aliyohubiri, na ambaye hakuna fundi wala mvuvi aliyeambiwa naye kwamba ujira wake ndio uzito wake, hafundishi hivyo.

Sura ya 38 ya Bin Sira bado inasomwa, na inastahili kusomwa, maana ukweli wake kuhusu sala iliyomo katika ufundi haujapitwa na wakati. Ila msomaji wa Lubumbashi ana haki ya kuongeza jambo ambalo yule mwenye hekima wa Yerusalemu hakuliona. Mhunzi hakuitwa barazani. Akaenda nyumbani, akaketi na mke wake, akawaita jirani zake, wakaanza kuulizana wenyewe kwa wenyewe, na asubuhi king'ora kilipolia akaamka akarudi kwenye moto.